Salome Halali, Wala Hachoki

Jumamosi, saa kumi jioni.

Mvua iliyoanza jana imekatika mchana huu, na mtaa wetu wa Mlabani wote ni tope. Sijafungua kibanda changu cha kutengeneza simu. Wachache mnaosoma blogu hii mmenizoea nikiandika mambo ya simu, vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba. Leo naandika kuhusu binti yangu. Nitamwita Salome, ingawa si jina lake. Ana miaka saba, yuko darasa la pili.

Yalianza shule zilipofunguliwa. Kwa siku tano mfululizo Salome alilala kwa muda wa saa tatu au nne tu usiku, na kila asubuhi aliamka kabla yetu akiwa na nguvu kutuzidi. Mke wangu, Joyce, alikuta vyombo vyote vimeoshwa na nguo safi zimelowekwa upya. Maneno yalimtoka mtoto kwa kasi mpaka yanagongana mdomoni. Alicheka mno, na ukimkatiza analia kwa hasira. Shuleni akagawa madaftari yake yote, akisema yeye sasa ni mwalimu mkuu, hayahitaji tena.

Nilimchapa kwa ajili ya madaftari yale. Sana.

Kesho yake aliingia mto Lumemo akiwa na sare za shule, na mto ulikuwa umejaa. Alisema anaweza kutembea juu ya maji mpaka ng'ambo. Mama mmoja aliyekuwa akifua alimvuta, maji yakiwa yameshamfika kiunoni.

Wiki iliyofuata hatukumtambua. Alijilaza kwenye mkeka, akakataa chakula, akakataa hata kuchanwa nywele. Alisema tumbo linamuuma. Tulimpima malaria, tukapima na choo, hakuna kilichoonekana. Jioni moja akaniambia, "Baba, mimi ni mtoto mbaya," akageukia ukutani.

Majirani walisema ni utundu. Wengine walisema kuna mkono wa mtu. Lakini mimi yote yale nilikuwa nimeshayaona kabla.

Kwa dada yangu.

Dada Restituta ananizidi miaka sita. Nikiwa mdogo nilimwona akiwa na wiki za kuimba na kukimbia, na wiki za kulala tu. Alipokuwa msichana mkubwa alizidiwa, watu wakamfunga kamba. Mguu mmoja niliushika mimi. Baadaye alipata dawa, akatulia, akahamia kijiji cha Kisawasawa. Sasa analima mpunga na kuuza dagaa, na kliniki haikosi. Lakini niliendelea kumwonea aibu. Nilipooa nilimwomba asije harusini. Alisema sawa, akakata simu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake. Nilimkuta akianua dagaa kwa sababu ya wingu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Aliniangalia toka kichwani mpaka kwenye viatu. "Miaka mingapi hujaja hapa, Deo? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ni Salome."

Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama. Sikuthubutu kukaa mpaka aliponisogezea kigoda. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja.

"Ulimpiga?"

Niliinama, nikaokota dagaa aliyedondoka.

"Mimi walinipiga sana," akasema. "Haikunisaidia kulala."

Ndipo akaniambia mambo ambayo sikuwahi kumuuliza. Alianza kuugua akiwa mdogo kama Salome, na mama yetu akawa anamsifu kwamba amechangamka. "Mtoto aliyekosa usingizi anaamka amenuna, anasinzia darasani. Mimi nilikuwa silali na sichoki. Hapo ndipo mngeanza kujiuliza. Halafu inakuja ile nyingine, mwili unakuwa mzito kama gunia la mpunga lililoloa. Watu wanasema mvivu. Na wewe unaamini."

Nikamuuliza kama Salome atakuwa kama yeye. Nadhani sauti yangu ilionyesha hofu, maana alicheka kidogo.

"Kama mimi vipi? Nina shamba langu, nina biashara yangu." Kisha akawa mpole. "Usimwangalie yeye ukiniona mimi, Deo. Mwangalie yeye. Na mpelekeni kwa daktari. Nitakuja nanyi."

Alhamisi tukaenda hospitali wanne, mimi, Joyce, Salome na dada. Daktari, mama wa makamo, alimpa Salome karatasi na kalamu za rangi, akaanza kutuuliza. Analala saa ngapi? Yanayotokea nyumbani yanatokea na shuleni? Kuna mtu aliyemtisha au kumfanyia jambo baya? Amewahi kuzimia au kuanguka kifafa? Kisha akauliza kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili.

Swali hilo nimelijibu mara nyingi maishani. Jibu langu siku zote ni hapana. Mkwe wangu, kabla ya kuniozesha Joyce, nilimjibu hivyo pia.

"Yupo," nikasema. "Ndiye huyu. Ni dada yangu wa tumbo moja."

Dada hakunigeukia. Alivuta tu kiti chake mbele na kuanza kueleza, jina la ugonjwa, dawa anazotumia, hata miaka aliyokaa bila kuugua. Daktari aliandika karibu kila neno. Joyce alinishika mkono chini ya meza. Alikuwa na haki ya kunikasirikia, maana mengi alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza.

Daktari hakuupa ugonjwa wa Salome jina. Alisema huenda ikawa baipola, yaani hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hasa kwa kuwa shangazi anayo. Lakini kwa mtoto wa miaka saba dalili hizi zinafanana na mambo mengine mengi, na yeye hataki kumbandika jina kwa haraka. Watoto wote hufurahi na kukasirika. Anachotafuta ni mtoto anayebadilika kabisa kutoka alivyozoeleka, siku nyingi mfululizo, na usingizi wake nao ukabadilika.

Kwa sasa hakutupa dawa. Tumepewa kazi ya kuandika kila siku amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, amekula nini, amekuwaje. Alale muda uleule kila siku. Asichapwe. Akizungumzia kufa, au akikimbilia tena mtoni, tumpeleke siku hiyohiyo, tusingoje tarehe ya kurudi kliniki.

Leo asubuhi nilimwita Salome nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, yeye akanikatiza.

"Sawa, baba. Ila ulinichapa kwa nguvu."

"Ndiyo. Sitarudia."

"Na mimi si mbaya?"

"Si mbaya hata kidogo. Kuna kitu kinakusumbua, na tunakitafuta wote."

Alifikiri, kisha akaomba maandazi. Alikula mawili. Nimeandika: maandazi mawili.

Nilimuuliza dada kama naweza kuandika habari hizi hapa. "Andika," akasema. "Mimi sikuficha kitu. Uliyekuwa unaficha ni wewe."

Sasa hivi wako uani, shangazi, ambaye hajarudi kwake tangu Alhamisi, anamsuka, na Salome analalamika anavutwa. Sijui mwakani tutakuwa tunaiita hali yake kwa jina gani. Inawezekana zikaja wiki nyingine ngumu. Lakini ana miaka saba, na tayari kuna watu wazima wanne wanaomwangalia kwa makini, mmoja wao akiijua njia hii kwa kuipita mwenyewe. Dada hakupata hata mmoja.

Kesho tunakwenda misa ya kwanza, sote. Watu wa kigango chetu hawajui kama nina dada. Naogopa kidogo, siwezi kusema uongo. Nitakaa kati ya dada na Salome, na baada ya misa nitamshika dada mkono nimpitishe kwa mmoja mmoja, niwaambie anaitwa nani.