Kilemba Nilichopeleka Mapema

Baba Zena,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe. Ulipoondoka nilikuwa naweka dole gumba. Sasa mwalimu wa kisomo cha watu wazima pale Buzebazeba amenifikisha mahali naweza kuandika barua, ingawa mistari yangu inapanda mlima. Nilitaka barua hii ya kwanza iwe ya furaha, nikwambie tu nimejua kuandika, tucheke. Lakini nina jambo limenikaa kifuani tangu Jumatano, na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mwenye jambo ni Zena, na Zena hasemi nami.

Nianzie mbali kidogo ili unielewe.

Binti yako alimaliza kidato cha nne. Akachukuliwa kwenye ofisi ya shirika kule Kigoma, karibu na bandari, kujifunza uhasibu. Wako watatu: yeye, Tobiasi wa Mwandiga, na Hamisi wa Gungu. Waliambiwa watajifunza mwaka mmoja kwa posho, halafu watathibitishwa na kulipwa mshahara kama makarani wengine. Mwaka ule umekwisha, na wa pili unakwisha, bado wanaitwa wanafunzi. Kazi ni ile ile ya karani aliyethibitishwa, na pengine zaidi, maana yule karani saa ya kutoka ikifika anafunga daftari lake anakwenda, wao wanabaki. Mwisho wa mwezi hata Jumapili wanaingia. Mwanafunzi hana likizo. Mwanafunzi akiumwa, siku ile inakatwa. Hesabu zisipolingana, wa kwanza kuulizwa ni mwanafunzi.

Posho yenyewe haifiki katikati ya mwezi. Anatoka hapa Ujiji kwa miguu alfajiri, anarudi kwa miguu. Nilikuwa namfungia muhogo wa kuchemsha na dagaa, akawa anaurudisha kama ulivyo. Anaona haya kufungua kifurushi na wenzake wawili hawana kitu. Siku moja nikachukua viatu vyake nivifute, nikakuta kakata boksi kaweka ndani, pale soli ilipotoboka. Nikavirudisha mahali pake. Mpaka leo hajui kama nimeona.

Nikawa nakukumbuka wewe na wanafunzi wako uliowafundisha kuunda maboti kule ufukweni. Hukuwalipa, ni kweli. Lakini walikula sinia moja na sisi, walilala barazani kwetu, na Ramadhani alipojikata mguu kwa tezo ni mimi niliyemuuguza mpaka akasimama. Leo anaunda maboti yake mwenyewe Kibirizi, na akipita bado ananiita mama. Hawa wa ofisini, Baba Zena, hawalipwi kama wafanyakazi wala hawalishwi kama wanafunzi. Wako mguu mmoja kwenye mtumbwi na mwingine nchi kavu, na mtumbwi wenyewe unasogea.

Basi wakaandika barua. Zena ndiye aliyeishika kalamu kwa sababu mwandiko wake mzuri, wakatia sahihi wote watatu, wakampa mkubwa wao, Bwana Mhasibu, aipeleke makao makuu. Waliomba wathibitishwe wote pamoja. Bwana Mhasibu akaitia kwenye mtoto wa meza. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Ya tatu Zena akawa anashtuka kila akisikia jina lake linaitwa.

Na mimi unanijua, mtu wa hofu. Mvua ikichelewa naogopa, ikija naogopa. Nikaona mwanangu kafukuzwa, yuko hapa barazani anauza maandazi na cheti chake kiko kwenye sanduku. Chakula kikanishinda. Ndipo nikakumbuka kilemba, ile shukrani ya mzazi kwa fundi.

Nikasema moyoni, huyu Bwana Mhasibu ni fundi kama fundi mwingine. Anamfundisha mtoto wangu kazi mwaka wa pili huu, na mimi mzazi sijampelekea hata asante. Kwetu hapa wazazi walikuja na kitambaa, na jogoo, na mchele, kukushukuru. Si ajabu mtu wa watu kakunja uso. Nikauza ile mikeka yangu miwili, nikanunua debe la mawese, yale mekundu mazuri yanayoshuka kutoka milimani, na kitambaa cheupe. Nikajitwika mpaka Kigoma. Zena siku hiyo alikuwa katumwa bandarini, hakuniona. Nikasimama mbele ya makarani wote nikasema nimeleta kilemba cha Zena.

Bwana Mhasibu alicheka, akanipa kiti, akaniuliza habari za Ujiji. Debe likaingizwa chini ya meza yake. Akasema, "Nenda kapumzike, mama. Zena huyu ni wetu." Njia nzima nilirudi mwepesi kama mtu aliyepona homa.

Jumatano barua ikaja. Ya Zena peke yake. Kathibitishwa, mshahara kamili kuanzia mwezi ujao. Tobiasi na Hamisi, hakuna.

Nisikufiche, nilifurahi. Kabla ya kitu chochote nilifurahi, nikamshika mwanangu kichwa nikamshukuru Mungu kwa sauti. Yeye hakunitazama. Akakaa chini na viatu vyake miguuni, akaniuliza, "Mama, ulipeleka nini ofisini?"

Nikamwambia. Ndipo akanieleza Tobiasi alichosema mbele ya watu wote: "Sisi tumeandika kwa wino, kumbe mwenzetu kaandika kwa mawese." Ofisi nzima ikacheka. Sasa wanamwita Bi Mawese, mpaka mlinzi wa getini. Na Tobiasi huyo, Baba Zena, ni yule aliyekuwa akimsindikiza Zena mpaka mlangoni kwetu zile Jumapili za mwisho wa mwezi, giza lisimkute njiani peke yake, nami nampa kikombe cha uji kabla hajarudi zake. Jana nimekutana naye barabarani. Akavuka upande wa pili.

Kesho Jumamosi kamati ya wafanyakazi inakaa. Tobiasi na Hamisi wamepeleka neno kwamba Zena alimtuma mama yake. Kamati ikiamini hivyo, jina lake ni rushwa, na kazi hana. Tena wapo wanaotaja polisi. Zena naye anasema barua ile ya kuthibitishwa atairudisha, haitii sahihi, kwa kuwa barua yao ilikuwa na majina matatu. Akiirudisha, Bwana Mhasibu ataona ametukanwa, na hapo pia kazi hana. Kila ninakogeukia naona maji. Nilipomwambia niende nikaongee nao, alisema, "Usije, mama. Umeshasaidia." Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata nafuu.

Leo asubuhi nilikuwa napepeta mchele, neno lako likanijia. Unakumbuka baba yake Ramadhani alipoleta yule mbuzi? Mtoto hajajua hata kukalafati, kuziba nyufa za boti, na mbuzi yuko mlangoni. Wewe ukamrudisha. Ukamsindikiza mzee wa watu na mbuzi wake mpaka njia panda, na mimi nilikununia siku mbili kwa sababu nyama tulikuwa hatujaiona tangu Idi. Ukaniambia, "Kilemba huja mwisho, Mama Zena. Nikimla mbuzi huyu leo, kesho mtoto atakalafati vibaya na mimi nitanyamaza, na boti litazama na watu." Nilikuona mjivuni tu. Nilisahau kabisa neno lile, nikakumbuka jogoo na vitambaa, nikasahau vilikuja siku gani. Sasa boti limezama, na waliokuwemo ni Tobiasi na Hamisi, na mtoto wangu ameachwa ameshikilia ubao peke yake.

Alasiri imepita na Zena hajarudi. Kila sauti ya viatu barabarani nainua kichwa.

Nimeamua nitakwenda, hata kama amenikataza. Nitasema ni mimi. Nitasema Zena hakunituma, hakuniona, hakujua. Ni mimi niliyedhani ofisi ni kama ufukwe wa mume wangu. Na kama nikiweza nitasema na lile la sinia: kwamba ukimwita mtoto mwanafunzi, mlishe, na ukimfanyisha kazi ya mtu mzima, mlipe. Nimeyaandika yote kwenye karatasi nyingine, nikaweka jina langu chini, jina zima, ili ulimi ukikwama wasome wenyewe. Herufi "z" imetoka kama ndoana, lakini linasomeka.

Sijui watasemaje. Huenda mwanangu akatoka pale hana kazi, na aliyemtoa ni mimi. Hilo linanitisha kuliko polisi. Lakini afadhali akose kazi na jina lake liwe safi kuliko apate mshahara kila mwezi na mwenzake anavuka barabara akimwona.

Muhogo nimeshamenya. Wa watu watatu. Nitauweka mezani pao wakila wasile.

Ninachokuahidi ni hiki. Debe langu nitalidai kesho mbele ya kamati, hata likiwa tupu, na nitarudi nalo kichwani kwa njia ile ile niliyopita nikilipeleka, mchana, watu waone. Kitambaa cheupe nikikipata nitakiweka chini kabisa ya sanduku lako. Kitatoka siku watoto hao watatu watakapothibitishwa wote, si kabla.

Pumzika kwa amani, fundi wangu. Nasikia viatu mlangoni, na kimoja kinaburuta, ni yeye. Naficha karatasi.

Ni mimi,
Mama Zena