Ombi Likija kwa Jina Langu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo wewe na wapwa zangu? Yule mdogo kikohozi kimemwacha? Mimi nipo, napumua, ingawa kila pumzi inauma. Mwandiko usikushtue: vidole vya kulia vimefungwa, naandika kwa kushoto, kitandani hospitali. Muuguzi nimemwomba akupe barua hii ukiwa peke yako.

Unaijua ile tovuti niliyowatengenezea wenzangu wa kiwanda cha ngozi, wakaeleza humo jinsi tajiri alivyompiga mwenzetu hadi akafa. Majina yao yamo, ila yamefichwa, huyaoni mpaka uingie kwa akaunti yangu. Juzi watu wanne waliofunika nyuso walinivunjia mlango. Walipoingia nilikuwa nimeshaiponda simu kwa mchi. Wakanibwaga chini, wakadai neno la siri. Nikawaambia halipo, mimi naingia kwa kitambulisho kilichosajiliwa kwenye blokcheni, lile daftari la mtandaoni lisilofutika, na ufunguo wake ulikuwa ndani ya simu ile. Wallahi dada, nilisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyonivunja mbavu! Mchi uleule wakauhamishia vidoleni. Nikaona bora nidanganye, nikawatajia jina la paka wako. Wakahangaika na kompyuta kutafuta pa kuliandika, wapi! Ukurasa una kitufe cha kuingilia tu. Mjinga mimi nikacheka, wakanikanyaga mpaka nikatapika damu.

Sasa nisikilize. Nilipofungua kitambulisho niliwaweka wewe na mumeo kuwa wadhamini. Simu ikipotea, nyinyi wawili mkikubali, simu mpya inapewa ufunguo, hata iwe mikononi mwa muuaji. Ombi litakuja kwako kwa jina langu. Usikubali! Wenzangu watachinjwa mmoja mmoja.

Lililobaki naona tabu kuliandika. Mmoja aliinua mchi anipasue uso. Yule aliyesimama mlangoni, ambaye muda wote hakufungua mdomo, akamkataza, akamwambia, “Piga mwilini, usoni mke wangu ataona.” Ni mumeo, dada. Sauti ile siwezi kuikosea. Kumbe hamwendeshei tajiri gari tu.

Jana alikuja hapa na machungwa, akalia, akaniahidi kwamba atakuomba ubonyeze kulikubali ombi ili nirudishiwe akaunti yangu. Nilimshukuru. Nilikuwa natetemeka, akanifunika shuka.

Chukua watoto leo, mwambie unakwenda kumwona mama, na simu yako usiiache.

Mama msalimie sana, wapwa zangu wabusu. Mumeo usimpe salamu zangu. Mwache aamini sikumtambua.

Mdogo wako,
Kichwangumu