Nilimsimulia Mtoto Miungu ya Mwezi

Alhamisi, Jeddah. Joto limenishika shingoni tangu alfajiri, na moyo haujatulia hata kidogo.

Jana jioni familia ninayoifanyia kazi ilipanda juu ya paa kuutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani. Lulwa, binti wa madam, ana miaka sita. Alipouona aliunyooshea kidole mbele ya shangazi zake wote, akasema kwa sauti, "Selene huyo, amepanda gari lake!"

Mimi ndiye niliyemfundisha. Mdomo wangu huu.

Nilikuwa nikimbembeleza alale mchana, hadithi zangu za sungura zikaniishia. Nikachota za Wagiriki, nilizosoma sekondari kule Kakamega. Selene ndiye mwezi wenyewe: anaendesha farasi angani, anampenda mchungaji aliyelala usingizi usioisha. Huyo nampenda, maana mimi pia mwanangu namwona kwenye simu akiwa amelala. Artemi, yule wa Waefeso katika Biblia, ni mwindaji. Mwezi alikuja kupewa baadaye. Hana mume wala kafili, mwajiri wa kumshikia pasipoti. Wa tatu ni Hekate, mwenye mienge kwenye njia panda, mjuzi wa dawa na uchawi.

Uchawi! Ndani ya nyumba ya watu, Saudia! Hapa mfanyakazi akishukiwa uchawi anaweza kufungwa, na nani atanisemea?

Pale juu madam alisema tu, "Halas, mafi hadithi," yaani basi, hakuna hadithi tena. Tangu hapo hajaniongelesha. Mumewe yuko Riyadh kikazi, anarudi kesho. Nimesali rozari kimoyomoyo huku nikipiga deki.

Je, nilimweleza mtoto habari za Hekate? Nilimweleza zote, hadi mbwa wake.

Leo alasiri nilikuwa nakunja sambusa za futari. Madam akaingia jikoni, akafunga mlango. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Huyo mwindaji," akauliza kwa sauti ya chini, "nani alimruhusu asiolewe?"

"Baba yake, madam. Alimwomba akiwa mdogo, akakubali."

Akatazama sakafu. Yeye aliolewa akiwa bado shuleni, aliwahi kuniambia.

"Huyo wa tatu, usimtaje tena," akasema. "Mwindaji, msimulie Lulwa mpaka amshike kichwani."

Sijui kesho madam atamwambia mumewe nini. Bado naogopa. Lakini kesho mchana nitamsimulia Lulwa huyo mwindaji.