Fundi Niliyemwazima Ili Nimnyamazishe

Mshauri mpendwa,

Nimewaficha watu kwamba ule wema ninaosifiwa haukuwa wema hata kidogo. Naomba msaada wako kabla pumzi haijakatika. Hapa naandika nikiwa nimeegemezwa kwenye mito.

Nilikuwa meneja wa kiwanda cha sabuni, na tulikuwa na utaratibu wa kuwaazima wafanyakazi wetu kwa vikundi vya mtaani huku mshahara wao tukiendelea kuulipa sisi, jambo zuri mno ukilisikia, ila kila mkuu wa idara alimtoa yule anayemkera, na mimi nikamtoa fundi mitambo, mwanamke mwenye mdomo, aliyekataa katakata kuwasha mashine ya kukatia miche ya sabuni kwa sababu haikuwa na kinga, akaniambia mbele ya watu, "Bosi, tia wewe mkono kwanza tuone," nami kesho yake nikamwita, nikatabasamu, nikamwambia kikundi cha kuhudumia wagonjwa majumbani kinamhitaji mtu hodari kama yeye. Haikupita wiki, mashine ikamkata mkono kijana wa zamu yake.

Fundi hakurudi kiwandani. Leo ndiye kiongozi wa kikundi, na ndiye anayeniogesha na kunifunga vifungo vya shati, huku akisema, "Baba, ningekataa kuja huku, yule mdogo wangu wa zamu angekuwa na mkono wake. Niliwatupa wenzangu." Juzi kampuni ilimleta mpiga picha, eti tushikane mikono, eti mimi ndiye baba wa kujitolea. Hasira zilinipanda nikakohoa mpaka wakaondoka, lakini sikusema. Nikisema, nitakufa amenichukia. Nifanyeje?

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu, na pole kwa maradhi. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Mpiga picha unamwonea bure. Aliyedanganya ni wewe. Unaogopa kuchukiwa, na huku mwenzio amebeba lawama isiyo yake miaka yote na bado anakuogesha! Huoni haya? Kumwazima mfanyakazi kwa mtaa ni kumtoa unayemhitaji, si kumtupa unayemwogopa.

Picha zikatae. Mwite fundi, mwite na huyo kijana, waambie kwa kinywa chako, wala usianze kwa kuomba msamaha ili wakuonee huruma. Wakikasirika, waache wakasirike; ni haki yao.

Tena usiwape nusu. Umeniandikia kwamba mashine "haikuwa na kinga", kana kwamba kinga ilipeperushwa na upepo. Mashine haiji kiwandani ikiwa uchi. Nani aliitoa hiyo kinga? Anzia hapo.

MZEE AMETUANDIKIA TENA

Mshauri, wamekuja wote wawili, wamekaa kitandani kwangu. Fundi ndiye anayeniandikia haya, maana mkono wangu umegoma. Nimewaambia, naye ameandika nilivyosema: kinga niliifungua mimi, kwa mikono yangu, kwa sababu ilikuwa inatuchelewesha.