Siku Niliyodhani Nimezima Jabe

Jabe, Jumanne

Mjukuu wangu Rehema,

Leo nitakwambia yote, hata nililomficha mama yako. Sisi ni wazima, na mdogo wako ameota meno. Uliniuliza kama kompyuta hainitishi. Inanitisha sana.

Wateja wamepungua sokoni, ndiyo maana sisi wanawake wachuuzi wa mtaa huu wa Jabe tunafundishwa darasani kuuza kwa picha, kwa kompyuta. Juzi ilikuwa zamu yangu kutuma picha ya vitenge vyangu. Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Papo hapo vioo vyote vya kompyuta vikawa vyeusi. Nikajua nimeua mashine za watu. Nikatoka mbio, hata viatu nilivyovua mlangoni nikavisahau.

"Mama, apana kimbia!" mwalimu akaita. "Umeme umeenda!"

"Bibi amezima Jabe yote!" akacheka mwenzangu wa darasani, muuza ndagala, wale dagaa wetu. Lakini nilipogeuka niliona mikono yake ameificha chini ya meza, inatetemeka. Nikarudi, nikaketi karibu naye.

Wiki ijayo nitabonyeza tena, mbele ya wote. Wewe uliyejifunza mapema, nijibu upesi: mkono ukitetemeka, huwa unauweka wapi?

Bibi yako