Shingo ya Besi Imekauka

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini unaendelea vizuri pamoja na wifi yangu, na mtoto ameacha kukohoa. Mama hajambo, kila siku anauliza kama unakula. Mimi nami ni mzima, ingawa ukisoma hadi chini utaniona mwongo. Barua hii nimeiweka ndani ya boksi la gitaa kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nawe ukianza mizaha hukamatiki.

Gitaa lako la besi limekwisha. Ile vanishi nene iliyokuwa ikikunata kiganjani nimeikwangua yote shingoni, nikapiga msasa mpaka ubao ukabaki mtupu. Kisha nikaipaka vanishi nyepesi, ile ya kupaka kwa kitambaa. Unachovya kidogo, unapangusa kufuata nyuzi za mbao, unaacha ikauke, unapitisha msasa laini, unarudia. Isipopakwa, jasho huingia kwenye mbao na shingo ikapinda, na mikono yako wewe inatoa jasho kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Hapa karakanani kazi hii haikaguliwi kwa macho. Kila mkono wa vanishi, yaani kila mpako, ukikauka, bosi hutuambia tufumbe macho tupitishe ncha za vidole shingo nzima, maana mng'aro hudanganya. Mimi alikuwa akinisifu kuliko wote, akisema vidole vyangu vinahisi hata vumbi. Wenzangu wananiita Bibi Kiganja.

Sasa sikiliza. Mkono wa pili ulipokauka nilifumba macho, nikapapasa, nikaona laini kabisa. Nikampa bosi kwa madaha. Akaipapasa, kisha akaniuliza nina haraka ya kwenda wapi. Nikaipeleka dirishani. Chembe za vumbi zilikuwa zimegandia vanishi shingo nzima, nami nilikuwa nimezipitia zote bila kuhisi hata moja.

Nilimwambia nina mafua. Uongo wa kijinga, mafua na vidole wapi na wapi. Akacheka, akaniambia nirudie. Nikajikaza kisabuni, nikaimalizia kwa macho tu, nikiigeuzageuza kwenye mwanga. Tangu hapo najipima kwa siri. Nashika funguo mfukoni nisijue ni upi. Juzi nilishika sufuria ya moto, nikajua kwa harufu. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa kulala nisije nikaamka ganzi imepanda.

Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka tu kijiko kikimdondoka baba na sisi tukidhani anatuchekesha. Kabla ya kijiko kulikuwa na ganzi kwenye ncha za vidole. Nilimsikia akimweleza mama. Akaificha kazini mpaka akashindwa kufunga vifungo vya shati. Baada ya mazishi mama aliniambia mimi peke yangu maneno ya daktari, kwamba ugonjwa ule hutembea katika damu, toka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kwamba ukiwahiwa hupunguzwa kasi. Tulikuficha, tukisema tusikutie hofu bure. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeficha ya watu watatu.

Nimeshaomba ruhusa, Jumatatu nakwenda hospitali. Lakini vidole vyangu si hofu yangu kubwa. Mimi nikishindwa msasa nitafagia karakana. Wewe besi ndiyo maisha yako, na damu yetu ni moja.

Kwa hiyo nisamehe kwa nililofanya. Shingo hii ni safi yote isipokuwa mahali pamoja, ambapo nimeacha vumbi ligandie makusudi. Mama, pamoja na mikono yake iliyokomaa kwa kufua, alipapasa akapagundua papo hapo, akanisema kwamba nimelipua kazi. Sikuambii ni wapi. Fumba macho, pitisha vidole polepole. Ukipahisi, nipigie unitukane utakavyo, useme dada yako fundi mbovu. Nitalia kwa furaha. Usipopahisi, usinipigie. Njoo tu, twende pamoja.

Msalimie wifi, na mtoto umbusu kwa niaba yangu. Mama anakuombea, bila kujua hasa anaomba nini.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Bibi Kiganja