Likizo ya Maswali

2 Agosti

Mwanangu,

Salamu zikufikie wewe, mkwe wangu na wajukuu zangu watatu. Mimi mzima. Goti linauma, nimelizoea, nalo limenizoea. Anayeandika ni jirani yangu fundi cherehani, na nimemwonya aandike ninavyosema, asinipigie maneno pasi kama suruali ya mteja. Wala usinipigie simu. Kwenye simu unanikata kauli, karatasi huwezi.

Barua yako imesomwa mara mbili mbele yangu, maana mara ya kwanza nilidhani fundi ananitania. Eti mwaka huu watoto hawaji kwangu. Eti umewapangia "matembezi ya elimu", kwenda asubuhi kurudi jioni, mahali pasipo kiingilio au penye kiingilio cha chini. Zimamoto. Makumbusho. Mtambo wa kusafisha maji. Stesheni ya treni. Na chakula mtabeba kutoka nyumbani. Hapo kwenye chakula nimekusifu. Kwingine kote umepotea na ramani mkononi.

Zimamoto! Mtoto aamshwe akatazame gari jekundu limeegeshwa? Pasipo moto atajifunza nini, kupanga foleni? Na makumbusho ndiyo nini? Vyungu vya watu waliokufa, na mtu amesimama hapo analipwa kukuambia usiguse. Wewe ni karani wa stoo, umezoea kupanga maboksi kwenye rafu, sasa unapanga watoto.

Lakini hayo yote ni upuuzi tu, na upuuzi wako nimeuzoea. Lililonikaa kooni ni lile la jioni. Kila mtoto asimame mbele ya meza aseme alichojifunza, na atakayesema vizuri ndiye achague pa kwenda siku nyingine. Mkubwa wako atasema, yule ana mdomo wa dalali. Kitindamimba atatunga uongo na mtampigia makofi. Na Sisimizi wangu je? Huyo wa kati, ambaye neno likimfika kwenye meno linagoma kama punda? Mumkodolee macho wakati anapigana na herufi moja? Mtoe kwenye maswali yako.

Fundi anasema nimalizie kwa "tafadhali". Simalizii.

Mama yako


6 Agosti

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo wote. Pole na goti, nenda zahanati, usingoje likuangushe njiani.

Mama, nakuheshimu, ila mambo yamebadilika. Mtoto wa siku hizi hawezi kumaliza likizo nzima anakimbizana na kuku. Na sisi uwezo wa kwenda mbali hatuna, ndiyo maana nimetafuta vya karibu, nikauliza ofisi moja baada ya nyingine ni siku gani wanapokea watoto. Zimamoto walitupokea vizuri sana. Watoto walivaa zile kofia, wakashika mpira wa maji. Mkubwa aliuliza maswali mpaka askari akaomba apumzike.

Kuhusu Sisimizi. Nimesoma mahali kwamba kigugumizi hutibiwa kwa mazoezi, mtoto azoee kusimama mbele za watu. Sitaki awe mtu wa kusemewa maisha yake yote. Mimi na wewe hatutakuwepo siku zote, Mama. Nani atamsemea? Juzi alianza kusema "bomba", likachelewa, dada yake akammalizia, tukaendelea. Hakulia. Atazoea.

Wiki ijayo ni mtambo wa maji, kisha stesheni. Hapo stesheni nitampa kila mtoto sehemu yake achunguze peke yake, mmoja kwenye tiketi, mmoja kwenye mizigo, mmoja kwenye jukwaa. Wajifunze kujitegemea.

Mkwe wako anakusalimu.

Mwanao


11 Agosti

Mwanangu,

Nimepata barua, nimepata na salamu za mkwe wangu. Mwambie nashukuru, na mwambie pole kwa mume.

"Nimesoma mahali." Mahali wapi? Kwenye karatasi ya kufungia sabuni? Mimi sijasoma hata mlango wa shule, lakini mtu akinieleza jinsi ya kumkamua mbuzi, kwanza namuuliza kama ana mbuzi. Aliyeandika hayo ana Sisimizi nyumbani kwake?

Hofu yako ni ya kweli, hiyo sikucheki. Hata mimi huamka nayo. Lakini njia yako ni ya kipumbavu. Unasema hutaki asemewe, kisha unamwacha dada yake ammalizie neno, mnaendelea na chakula. Hiyo ni kusemewa. Umemfundisha kwamba neno lake akilichelewesha linachukuliwa. Halafu eti hakulia! Kwani nani kakuambia anayeumia lazima alie? Wewe hujawahi kumeza mwiba ukatabasamu?

Na huko kumsimamisha peke yake stesheni, acha. Kujitegemea atajifunza akiwa na meno yote. Watoto ni wa kushikwa mkono, wewe unawatawanya kama mbegu za mchicha.

Nijibu upesi.

Mama yako


19 Agosti

We,

Mko wazima? Fundi amepita kwa mwenye sanduku la barua, amerudi mikono mitupu, ananitazama kama mimi ndiye niliyefiwa.

Siku zote hukawii kunijibu, hata kama ni kunibishia. Kama umenuna, nuna kwa maandishi.

Mama


21 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Tu wazima wa mwili.

Tulikwenda stesheni. Nilimweka Sisimizi kwenye jukwaa, chini ya saa, nikamwambia ahesabu mabehewa. Treni ikaingia, watu wakashuka kwa wingi, wakamsukuma. Niliporudi hakuwepo pale.

Mlinzi alimkuta upande wa pili. Akamuuliza, jina lako nani? Baba yako nani? Unakaa wapi? Mama, unajua anavyokuwa akiulizwa haraka. Hata herufi ya kwanza haikutoka. Watu wakajaa. Kuna aliyecheka. Mlinzi akampeleka ofisini, wakatangaza kwenye kipaza sauti: "Amepatikana mtoto wa kike, bubu, gauni la njano. Wazazi wake wafike ofisini."

Nililisikia tangazo hilo. Nililisikia mara mbili, nikalipita, nikaendelea kukimbia na kuita. Nilikuwa namtafuta mtoto anayesema. Nikasema moyoni, maskini, kuna mwingine naye kapotelewa.

Mkubwa ndiye aliyenivuta shati. "Baba, gauni la njano."

Nilipoingia ofisini alikuwa amekaa kwenye benchi. Alinitazama, Mama. Mlinzi akaniuliza, "Ni wako? Mbona tumetangaza kitambo?" Nikasema sikusikia vizuri. Alijua nadanganya.

Tangu hapo hasemi. Si na mimi, si na mama yake. Kitindamimba anamtekenya, anacheka bila sauti. Matembezi nimeyafuta yote. Nifanye nini? Nimlete kwako?

Mwanao


23 Agosti

Mwanangu, mjinga wangu,

Kaa chini, unywe maji, ndipo uendelee kusoma.

Umekunywa? Haya. Nimekuita majina humu ndani mpaka fundi akaweka kalamu chini. Mengine hayaandikiki. Jua tu kwamba umeyapata.

Unaniuliza kama umlete. Tangu likizo ianze sijataka jingine ila hilo, na kitanda chake kimetandikwa. Sasa nakuambia usimlete. Ukimleta leo atajua amefichwa. Kipaza sauti kimesema ni bubu, baba yake kasikia, baba yake kapita. Basi naye kakubali, maana yeye ni mtoto mtiifu. Hajanyamaza kwa ukaidi. Amewaamini.

Mrudishe stesheni. Wewe na yeye tu, yule dalali abaki nyumbani. Njiani mwambie ulilisikia tangazo. Usimwambie hukusikia vizuri, huo uongo uishie kwa mlinzi. Kisha mkae mtazame hizo treni zenu. Usimuulize mabehewa mangapi. Usimuulize chochote. Akianza neno, mwache nalo, hata kama treni zote zitaondoka na kurudi. Ukisikia ulimi unawasha kutaka kummalizia, jing'ate, na ung'ate kwelikweli.

Ulitaka matembezi yasiyo na kiingilio, yenye elimu. Hayo hapo. Ila mwanafunzi ni wewe, na nina wasiwasi na kichwa chako.

Mama yako


30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Tumekwenda.

Nilimwambia njiani. Aliendelea kutazama nje ya dirisha la basi. Tulikaa benchi lile la jukwaani. Treni zikaja, zikaenda. Tukala chakula tulichobeba. Nilikuwa nimeshakata tamaa nikaanza kukunja mfuko, ndipo akanishika mkono.

"Baba. T... t... t..."

Treni ilikuwa ikiingia mbele yetu, Mama. Nilijua anataka kusema treni. Nikajing'ata. Treni ikasimama, watu wakashuka, ikaondoka, naye bado yuko pale pale, shingo imekaza, kope zinapepesa. Nilidhani nitapasuka.

Haikuwa treni. Alisema, "Tangazo li... lilisema uongo."

Nikasema, ndiyo, lilisema uongo, na mimi nililiamini.

Akafikiri. Kisha akaniambia twende tukawaambie. Nikamwambia nitakwenda mimi. Akakataa kwa kichwa.

Tukaenda kwenye dirisha la ofisi ile ya matangazo. Yule mtangazaji ni mama mmoja mnene mwenye miwani, alikuwa na watu wake wa kuhudumia. Sisimizi akasimama kwa ncha za vidole ili aonekane, akaanza kusema jina lake. Mama, alilisema lote, lake, langu na la marehemu Baba. Nyuma yetu foleni ikaanza kuguna. Mmoja akasema, "Mzee, si umsaidie mtoto?" Nikageuka nikamtazama. Nadhani nilimtazama kwa macho yako, maana alitazama viatu vyake.

Mtangazaji alivua miwani akangoja. Sisimizi alipomaliza, yule mama akamwambia, "Nimesikia. Nisamehe, mwanangu." Sisimizi akamjibu, "H-haya," akageuka, tukaondoka.

Jana usiku mezani alisimulia mwenyewe. Chakula kilipoa. Hakuna aliyegusa kijiko. Mkubwa alifungua mdomo mara moja, akaufunga.

Mwanao


4 Septemba

Mwanangu,

Mimi mzima. Barua imefika.

Nilimwambia fundi arudie pale dirishani. Akarudia. Nikamwambia tena. Sasa anadai sauti imemkauka, anataka chai.

Nimekaa hapa tangu asubuhi natafuta tusi la kukutumia, sijalipata.

Usizoee.

Mama yako